Mlio wa Pikipiki: Uliza Kwanza Unafuata Nini

Juma hili naomba ruhusa yenu tuondoke jikoni na sebuleni, tutoke hadi uani inapoegeshwa pikipiki. Wako watakaosema kuwa hayo ni mambo ya wanaume na mafundi. Lakini ni nyumba ngapi hapa kwetu pwani ambazo safari ya harusi, ya tanzia au ya kuwaamkia wazee hufanywa juu ya pikipiki, mke akiwa nyuma ya mumewe? Anayebebwa naye roho yake imo juu ya magurudumu hayo mawili. Ana haki ya kujua yanalalamikia nini.

Mwanangu wa pili ana pikipiki kubwa ya safari ndefu, yenye kioo cha kukinga upepo mbele na masanduku mawili ubavuni. Kila baada ya majuma mawili yeye na mkewe huondoka Mombasa kwenda Malindi kumwangalia mama mkwe wake, mwendo wa kilomita zipatazo 120. Siku moja mkaza mwanangu alinijia akiwa na uso wa mtu aliyechoka kutoaminiwa.

“Mama,” akasema, “pikipiki ile inalia. Tukishapita Mtwapa, mwendo ukifika kilomita 80 kwa saa, huanza mlio mwembamba kama wa mbu aliyeingia ndani ya chandarua. Nikimwambia mwenzangu, husema ni upepo.”

Mwanangu hakuwa na nia ya kumdharau. Kwa hakika hakuusikia. Mwendeshaji amevaa helmeti, upepo unaopita juu ya kioo humvumia masikioni, na fikira zake zimo barabarani. Aliye nyuma ameketi karibu na mnyororo na gurudumu la nyuma, na nyayo zake zimekanyaga vyuma vinavyopokea kila mtikisiko. Aghalabu yeye ndiye husikia mwanzo, na aghalabu yeye ndiye huambiwa kuwa amekosea.

Walipoipeleka gereji, fundi aliyeipokea aliisikiliza ikiwa imesimama, akatikisa kichwa, akasema injini ifunguliwe. Gharama aliyoitaja ilikaribia karo ya muhula mzima. Hapo nikawaambia wasubiri. Marehemu babangu alikuwa fundi wa malori, nami nilikulia katika harufu ya grisi. Jambo moja alitufunza ambalo sijalisahau: usiulize sauti inatoka wapi kabla ya kuuliza inafuata nini.

Maana yake ni hii. Katika pikipiki mna mizunguko ya namna mbili. Wa kwanza ni wa injini, nao hupanda na kushuka kwa kutegemea gia uliyotia na mafuta unayovuta. Wa pili ni wa magurudumu, nao hufuata mwendo wa barabarani peke yake. Mnyororo umo katika kundi hili la pili, kwa kuwa umeshikamana na gurudumu la nyuma: likizunguka, nao huzunguka, hata injini ikiwa imetulia. Basi swali la kwanza ni moja tu: mlio huu unaifuata injini, au unayafuata magurudumu?

Jibu hupatikana bila kufungua hata nati moja. Penye barabara iliyonyooka na isiyo na magari, mwendeshaji hufikisha mwendo ule ule unaoleta mlio, kisha hushusha gia moja huku akiushikilia mwendo huo huo. Injini sasa itazunguka kwa kasi zaidi, ilhali magurudumu yatazunguka vile vile. Mlio ukipanda na kuwa mkali zaidi, chanzo ki upande wa injini. Ukibaki na sauti ile ile, chanzo ki upande wa magurudumu. Jaribio la pili ni kukamata klachi kwa muda mfupi na kuachia mafuta: injini itatulia na pikipiki itateleza yenyewe. Mlio ukiendelea, injini haina hatia. La tatu hufanywa nyumbani, pikipiki ikiwa imesimama bila gia: injini hupandishwa mpaka mzunguko ule wa safarini. Mlio usiposikika kabisa, ni dalili nyingine ya kuiacha injini ipumzike.

Mwanangu alifanya majaribio yote matatu. Mlio haukubadilika kwa gia, uliendelea klachi ilipokamatwa, wala haukusikika pikipiki ilipokuwa imesimama. Injini ikatoka katika kesi. Wakabaki washukiwa wanne: upepo, tairi, mnyororo na beringi za magurudumu.

Upepo una ushahidi wake. Mlio wa upepo hubadilika mwendeshaji akiinama nyuma ya kioo au akigeuza kichwa, na hubadilika kwa upande unaoelekea. Sisi watu wa pwani tunalijua hilo kuliko wengine. Wakati wa kusi, anayekwenda Malindi husukumwa mgongoni, na anayerudi Mombasa hupigwa usoni. Kaskazi ikija, mambo hugeuka. Mlio wa pikipiki yetu ulikuwa ule ule wakienda na wakirudi. Upepo nao ukatoka.

Tairi huimba kwa kufuata uso wa barabara. Penye lami mpya iliyo laini sauti hupungua, penye lami ya kokoto hukua. Tairi lenye meno makubwa ya njia za vumbi, au lililolika vibaya upande mmoja, huvuma sana kwenye barabara kuu. Mkaza mwanangu alipoulizwa, alijibu kuwa lami haikuleta tofauti yoyote. Akaongeza neno ambalo ndilo lililofungua fumbo: “Lakini mume wangu akienda kazini peke yake, nami nikiwa nimesimama mlangoni au akinipita barabarani, sijausikia kamwe. Hulia tukiwa wawili na mizigo.”

Ndugu msomaji, hapa pana siri ambayo wengi hawaijui. Mnyororo wa pikipiki hautakiwi kukazwa kama uzi wa udi. Hutakiwa uwe na ulegevu wa kiasi, kwa sababu gurudumu la nyuma hupanda na kushuka kila linapokutana na mashimo au mzigo. Lipandapo, hufika mahali ambapo ekseli yake, kiungo kinachoushika mkono wa gurudumu, na gurudumu dogo la meno lililo kwenye injini hukaribia kuwa katika mstari mmoja. Hapo ndipo masafa kati ya magurudumu mawili ya meno huwa marefu kabisa, na mnyororo huvutika kupita wakati wowote mwingine. Fundi akiukaza pikipiki ikiwa tupu, bila kuacha ulegevu wa kutosha, akikaa mke nyuma na masanduku yakijazwa, mnyororo hunyooka kama kamba ya tanga lililoshiba upepo. Huanza kulia, na kila unapolia unayavuta yale yanayoushika: beringi za gurudumu kwa upande mmoja na beringi ya gia kwa upande wa pili.

Tukapima. Injini ilizimwa na funguo ikatolewa. Hilo ni sharti, kwa kuwa vidole vingi vimepotea kwa watu waliogusa mnyororo injini ikiwa inazunguka. Kibandiko kilichobandikwa karibu na mnyororo kilisema ulegevu uwe milimita 30 hadi 40, na kila pikipiki ina kipimo chake, hivyo soma chako. Nilichukua rula yangu ya kushonea, nikausukuma mnyororo juu na chini katikati ya upande wa chini. Ulicheza milimita 15 tu. Tukalizungusha gurudumu kwa mkono kidogo kidogo na kupima tena mahali kadhaa, kwani mnyororo haulikii sawa pande zote. Kisha mwanangu akaketi, mkewe akalikusanya buibui lake vizuri akapanda nyuma, nami nikapima mara ya pili. Ulegevu ulikuwa umekwisha kabisa.

Mwanangu akakumbuka kuwa tairi la nyuma lilibadilishwa majuma machache kabla ya mlio kuanza. Aliyelirudisha gurudumu alikaza mnyororo kwa macho, bila kupima.

Tuliulegeza kwa kipimo, tukaupangusa chumvi na mchanga, tukautia mafuta yake. Safari iliyofuata mlio ulipungua sana, lakini haukwisha. Palibaki sauti ya chini, kama jiwe la kusagia linalozungushwa mbali. Babangu angesema: mwizi wa kwanza amekamatwa, lakini amekwisha mfungulia mlango wa pili. Wakaenda kwa fundi mwingine, na safari hii mkaza mwanangu aliandika kila kitu kwenye karatasi: mlio huanza kwa mwendo gani, hubadilika au haubadiliki kwa gia, unakuwaje klachi ikikamatwa, unakuwaje na abiria na bila abiria, na ulianza lini. Fundi aliisoma karatasi ile mara mbili. Hakuigusa injini. Alilivua gurudumu la nyuma, akatia kidole ndani ya beringi na kuizungusha polepole, kisha akamwita mkaza mwanangu aizungushe mwenyewe. Ilikuwa ikikwaruza kama iliyotiwa changarawe. Beringi nzima huzunguka laini, kimya. Wakatia mpya, kwa gharama iliyo sehemu ndogo mno ya ile ya kufungua injini.

Nilimuuliza mwanangu ingekuwaje lau wangeendelea hivyo miezi mingine. Alinyamaza kidogo. Beringi iliyokufa huweza kulilegeza gurudumu au kulikwamisha, naye anajua mwendo anaokwenda nao baada ya daraja la Kilifi, na anajua nani huketi nyuma yake. “Mama,” akasema, “kuanzia leo akiniambia anasikia kitu, nitaegesha kando kwanza, ndipo nijibu.”

Basi nawaachia haya. Kabla ya safari ndefu, mnyororo upimwe kwa rula na si kwa macho, na baada ya kila gurudumu kuvuliwa upimwe tena. Pikipiki ikiwa juu ya stendi ya katikati, kamata tairi juu na chini ulisukume huku na huku, likicheza, usisafiri. Wewe unayepanda nyuma, kusanya pindo za buibui na leso mbali na mnyororo, na usiyadharau masikio yako. Ukisikia sauti ngeni, tazama mwendo, tazama barabara, kumbuka mzigo, kisha sema. Nawe unayeendesha, mwenzako akisema inalia, amini kuwa inalia, kisha mtafute pamoja inafuata nini.

Tukutane juma lijalo, inshallah. Safari njema kwa wote.