Namna gani nilale na wafalme wawili?

Juma lililopita wasikilizaji kadhaa waliniuliza kwa nini kwenye redio nilizungumza juu ya karata wakati barabara yetu iko vile tunavyoijua. Barabara nitairudilia. Leo naandika yale ambayo dakika tatu za redio hazikuniachia nafasi ya kusema, kwani jambo lenyewe limeingia ndani ya nyumba za watu hapa Aveba, na linakula fedha ya mbegu.

Kisa kilianza nyuma ya soko, pale vijana wanapochajisha simu kwa paneli ya jua. Nilipeleka simu yangu ya kazi. Pembeni alikaa kijana mmoja, dereva wa pikipiki, baba wa watoto wawili. Familia yake ilikimbia kijiji chao na sasa wanaishi kwa jamaa. Jina lake ninalificha, naye alinikubalia niseme habari yake. Alikuwa anacheza poka kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, mezani pamoja na watu watano ambao hajui sura zao wala nchi zao.

Alipewa wafalme wawili. Nilimwona akikaa vizuri, kama mtu aliyeletewa chakula. Akapandisha, na wawili wakamfuata. Karata tatu za kwanza zikafunguliwa katikati: Asi, tisa, nne. Mmoja akaweka fedha nyingi. Kijana akafuata. Karata ya nne ikafunguliwa, ilikuwa mbili tu. Yule mtu akaweka tena, zaidi ya kwanza. Kijana akafuata. Ya tano ikaja, yule akasukuma vyote. Kijana akafuata na kilichobaki. Kwa jumla zilikwenda dola 27, na kati ya hizo dola 20 zilikuwa za mke wake, za kununua mbegu ya maharagi. Yule mwingine akafunua Asi na tisa. Kwisha.

Nikamuuliza: «Ndugu yangu, Asi ilipotokea na yule mtu akaendelea kuweka fedha, kwa nini hukulala?»

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. «Mkubwa, namna gani nilale na wafalme wawili?»

Jibu hilo ndilo nataka kubishana nalo.

Kwanza neno lenyewe, kwa mama na papa wasiocheza. Kwenye poka hii kila mtu anapewa karata mbili za siri, halafu katikati zinafunguliwa tano za watu wote: tatu, kisha moja, kisha moja. Mwenye karata tano bora anachukua kilichowekwa. Kabla na baada ya kila kufunguliwa, mtu anaweza kuweka fedha, na wengine wachague: kufuata, kupandisha, au kutupa karata. Kwa kuwa simu nyingi hapa ziko kwa Kifaransa, kifungo cha kutupa kinamwambia mchezaji ajilaze chini. Basi vijana wanasema «kulala». Na kuweka vyote wanasema «tapi», yaani mkeka. Nikasikia kwamba kule Tanzania mkeka ni karatasi ya kubashiri mpira; inaonekana Mswahili popote akitaka kupoteza fedha anatandika kwanza.

Sasa hesabu. Sikuitunga mimi, kila aliyefika sekondari anaweza kuifanya kwa kalamu. Ukiwa na wafalme wawili, Asi inatokea katika karata tatu za kwanza mara 23 kwa kila 100. Ukingoja mpaka zote tano zifunguliwe, ni mara 35. Si bahati mbaya wala mkono wa mchawi. Karata zimechanganywa, basi. Ukishika Asi na mfalme, ambazo vijana wanazipenda kupita kiasi, karata tatu za kwanza hazikupatii jozi ya Asi wala ya mfalme mara mbili katika tatu. Hata Asi mbili, zilizo kubwa kuliko zote, ambazo unapewa mara moja tu katika 221, zinashinda mara 85 kwa 100 ukiwa na mpinzani mmoja mwenye karata zozote. Waongeze wawe watano na wote wafike mwisho: zinashinda karibu mara 49. Karata ni zilezile. Watu ndio waliongezeka.

Kijana wangu alidhani wafalme wawili ni mali, kama ng'ombe aliyefungwa nyumbani. Ukiwa naye asubuhi, unaye na jioni. Lakini karata ya kuanzia ni nguvu ukilinganisha na wengine, na kila kinachofunguliwa kinabadilisha ulinganisho. Asi ilipolala pale mezani, na mtu aliyemfuata tangu mwanzo akaanza kuweka fedha bila woga, wafalme wale hawakuwa tena wafalme. Walikuwa jozi ya pili kwa ukubwa.

Lakini ni saa gani ya kulala? Haitoshi kusema «ukiona Asi kimbia». Anayekimbia kila mara ataliwa pia, polepole. Kipimo ni bei. Tuseme katikati kuna franka 6,000, na mtu anaweka nyingine 3,000. Wewe unaombwa 3,000 ili upate 9,000. Ukishinda mara moja tu katika nne, hujapata hasara. Akiweka 6,000, unaombwa 6,000 ili upate 12,000. Hapo lazima ushinde mara moja katika tatu. Basi swali si «karata zangu ni nzuri?» Swali ni «kwa bei hii, mtu wa namna hii, aliyeweka hivi mara tatu, mimi nashinda mara ngapi?» Mtu akipandisha mara tatu mfululizo mbele ya Asi, mara nyingi hadanganyi. Mama zetu sokoni wanalifahamu hilo bila shule. Unga uwe mzuri namna gani, bei ikipita kiasi wanaweka chini na kuendelea na safari, wala hakuna anayewaita waoga.

Na kuna ugonjwa mwingine ambao naujua mwenyewe. Nilipokuwa nasoma kozi ya uandishi wa habari Bunia, tulicheza na wenzangu usiku, kwa fedha ya sabuni. Nilikuwa naendelea kufuata kwa sababu moja tu: nilikuwa nimeshaweka nyingi. Niliona kwamba nikilala, ile niliyoweka inapotea. Nilichelewa kuelewa kwamba ilipotea dakika ile nilipoiweka. Fedha iliyo katikati si yako tena, ni ya atakayeshinda. Iliyo yako ni ile iliyobaki mkononi. Juma moja nilioga bila sabuni, na wenzangu walijua sababu.

Kwenye simu ugonjwa huu ni mkali zaidi. Sisi tulikuwa tukimwona mwenzetu akitetemeka mkono. Kwenye simu hakuna mkono. Kuna sekunde chache za kuamua, kisha meza nyingine inaanza mara moja, hata hujapumua. Tena mwenye meza anakata sehemu yake kwenye fedha nyingi zinazochezwa, kawaida kama asilimia 5, ashinde nani. Ukicheza na watu wenye akili sawa na yako usiku kucha, wote mnaweza kutoka mmepungukiwa, na yeye ameshiba. Fedha nayo haipiti tena mfukoni ambako mke angesikia sarafu zikilia. Inatoka kwenye akaunti ya simu, ileile inayopokea msaada na fedha ya jamaa walio Bunia, kwa namba nne za siri.

Vijana wananijibu kwa jina moja: Moneymaker. Ni kweli. Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee kule Marekani, mwaka 2003 aliingia mashindano madogo ya kwenye intaneti kwa dola 86, akapata tiketi ya mashindano makubwa ya Las Vegas, akashinda watu 839 na kuchukua dola milioni 2.5. Kwa hesabu sahihi, alishinda 838, kwa sababu mmoja alikuwa yeye mwenyewe. Vijana wananionyesha mwisho wa habari. Mimi nawaonyesha mwanzo wake, yale mashindano madogo ya tiketi, kwani huko kuna fundisho ambalo hawapendi kulisikia.

Katika mashindano ya tiketi, washindi wote wanapata kitu kimoja. Tuseme tiketi ni tatu na wamebaki watu wanne. Wewe una rundo kubwa. Mmoja kabakiza kidogo sana, muda wowote atatoka. Hapo mwenye rundo kubwa kama lako anaweka tapi, nawe unafungua karata zako: Asi mbili. Ufanye nini? Ulale. Ndiyo, na Asi mbili. Ukifuata na kushinda, utapata tiketi moja, ileile ambayo ungeipata kwa kukaa kimya. Ukifuata na kushindwa, mara kama 15 au 20 katika 100, unarudi nyumbani mikono mitupu. Wachezaji wakubwa wanalala hapo bila kuona haya. Zawadi ikiwa ni kufika tu, nguvu ya ziada haina kazi.

Nilipomweleza kijana habari hiyo alinyamaza, kisha akasema: «Kama baba.» Baba yake alikuwa na shamba la maharagi lililokuwa karibu kuvunwa, zuri kuliko yote aliyowahi kulima. Habari mbaya zilipofika jioni, jirani mmoja alisema atangoja siku mbili tu avune. Baba yake alichukua watoto, mbuzi wawili na sufuria, akaacha kila kitu kikiwa kijani. Kijana alikuwa na miaka 11. Alimkasirikia baba yake miaka mingi kwa sababu ya lile shamba. Habari ya yule jirani hakunimalizia, nami sikumuuliza.

Familia zilizohamia hapa, na zile za hapa Walendu Bindi ambazo nazo zilikimbia mara ngapi sijui, hazihitaji mtu wa redio azifundishe kuacha kitu kizuri kwa wakati. Ndiyo maana nashangaa kuona watu haohao, wakishika simu, wanasahau kila kitu na kuona aibu ya kulala. Nani aliwaambia kwamba ni aibu? Nadhani ni sisi wanaume. Kwetu mwenye kitu cha nguvu anategemewa akitumie, na anayekiweka chini anachekwa barazani. Tarehe 28 Februari 2020, pale Gety, tuliona serikali na FRPI wakitia sahihi mkataba wa amani, na kila anayeishi hapa anajua yaliyokuwa magumu baada ya sahihi: mtu mwenye silaha mkononi kuamini kwamba akiiweka chini hatakuwa mpumbavu. Silinganishi karata na damu. Nasema tu kwamba aibu ile ni moja.

Watumishi wa Mungu wameshasema mchezo huu ni dhambi, na anayewasikiliza ameshaacha. Nilioandika kwa ajili yao ni waliobaki. Wengine wanaomba serikali ifunge. Majirani walijaribu kwa njia zao: Januari 2019 Uganda ilitangaza kutotoa leseni mpya za makampuni ya kubashiri, na mwaka huohuo Kenya ilikataa kuwapa upya leseni makampuni makubwa, SportPesa ikasimamisha kazi nchini humo. Kubashiri hakukufa kule, na sioni nani atakuja kukufunga ndani ya simu ya mtu wa Aveba.

Langu ni dogo zaidi. Anayecheza achezee kwanza maharagi makavu, kwa karata za karatasi, chini ya mwembe, mpaka aweze kulala na wafalme wawili bila kujisikia ameibiwa. Kiasi cha kupoteza akipange asubuhi, mbele ya mtu mwingine, si saa nne za usiku peke yake. Na fedha ya msaada, ya mbegu, ya dawa, isikae kwenye laini moja na mchezo. Wamama, hili la mwisho msiwaombe waume zenu, mlidai.

Kijana wangu bado anacheza. Jumapili nilimkuta chini ya mwembe na wenzake wanne, rundo la maharagi katikati. Alikuwa na malkia wawili. Mezani ilitokea Asi na mfalme, na kijana wa ng'ambo akasukuma kiganja kizima. Alikaa muda mrefu, akauma midomo, akatupa karata. Wenzake wakamcheka. Yule wa ng'ambo akamwonyesha kwa kiburi: saba na sita, hakuwa na kitu. Kijana alinigeukia mimi kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyemla.

Nikamwambia hata aliyelala vizuri mara nyingine anadanganywa, hiyo ni bei pia. Hakunijibu. Alihesabu maharagi yake, yalikuwa yamebaki mengi. Ile laini nyingine ya simu iko kwa mke wake, ndani ya kopo la chumvi.