Kilemba cha ukoka hakisafishi picha

Leo nataka nikuchokoze kidogo kuhusu vijiwe vya wapiga picha, namaanisha wale wenzangu na mimi ambao hatujasomea wala hatulipwi, lakini tukiona mwanga wa jioni umepiga ukuta wa nyumba ya mtu tunasimama njiani kama waliopagawa.

Kuna ugonjwa umeingia humo, unaitwa sifa. Mtu anatoa picha yake, wenzake wanaitupia jicho sekunde mbili, halafu utasikia: "Bomba!" "Kali hiyo!" "Umetisha, mwanangu!" Imepita, lete nyingine. Kila mmoja anamsifia mwenzake kwa sababu zamu yake inakuja, naye anataka asifiwe. Waswahili walishalipa jambo hili jina zamani, kilemba cha ukoka. Nawajua washikaji wenye jicho kweli kweli ambao wamekaa miaka wakipiga ngalawa ileile na machweo yaleyale, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwauliza, "Hivi kaka, hii ina tofauti gani na ya mwaka jana?"

Kijiwe chetu hapa Dar tuliamua kukata mzizi. Tunakutana Jumapili jioni, kila mtu anakuja na picha tatu zilizosafishwa kwenye karatasi. Simu inabaki mfukoni, maana kioo cha simu kinang'aa chenyewe na kila kitu kikipita pale kinapendeza. Karatasi haina huruma. Tuko mchanganyiko: muuguzi, fundi friji, wanachuo wawili watatu, na mzee mmoja aliyekuwa na studio yake enzi za mkanda wa picha 36. Sheria ni moja tu, mwenye picha anakaa kimya mpaka wenzake wamalize kusema. Jamani, hiyo ndiyo inayoua! Kila mmoja wetu anapenda kueleza, "Unajua pale kulikuwa na..." Sasa bwana, picha ikitundikwa kwenye ukuta wa watu, na wewe utatundikwa pembeni uieleze?

Na usidhani kuchambuana ni mambo ya uswahilini. Kule New York kulikuwa na chama cha Photo League, kilianza mwaka 1936, wengi wao vijana wa kawaida wa mjini waliopenda kamera. Walitundika picha na kuzijadili, na mwalimu wao mmoja, Sid Grossman, alisifika kwa ukali wa ulimi. Hata W. Eugene Smith, ambaye alikuwa jina kubwa kwenye jarida la Life, alijiunga nao mpaka akawa rais wa chama. Kilichowamaliza si kupondana, ni siasa. Mwaka 1947 serikali ya Marekani ilikiweka chama kwenye orodha yake ya vyama vya kushukiwa, na mwaka 1951 kikafungwa.

Ila na sisi tulikaribia kuua kijiwe chetu, tena bila msaada wa serikali yoyote. Kuna dada alileta picha ya bibi yake wa Handeni. Bibi kasimama mchana kweupe mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Uso ulikuwa giza tupu. Mwanachuo mmoja, yule asiyeweza kukaa na utani tumboni, akasema, "Huyu si bibi, ni kivuli cha bibi." Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Dada akaikunja picha, akaitia kwenye mkoba. Jumapili iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja.

Mzee wa studio ndiye aliyekasirika. Alituuliza, "Wanangu, mmecheka. Nani kati yenu anaweza kuniambia kwa nini uso ulikuwa mweusi?" Kimya. Basi akatupa darasa. Kamera ikiachiwa ijipimie, haimjui bibi. Inapima mwanga wa eneo zima na kuupeleka kwenye wastani, kijivu cha katikati. Ukuta mweupe ukiijaza picha, kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza, na anayelipa ni bibi. Ongeza na jua letu la saa sita, ambalo liko utosini, kivuli cha paji kinadondokea machoni, macho yanapotea.

Halafu akaongeza jambo ambalo mimi lilinikaa. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara za picha kadi za kulinganishia rangi zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, zikijulikana kwa jina la Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali Kodak walikuja kuzitoa miaka ya 1990. Kwa hiyo bibi wa Handeni hakuwemo kwenye hesabu hata kabla mjukuu wake hajazaliwa. Sasa hapo, mtu wangu, cheka tena.

Muuguzi akaenda kumfuata dada nyumbani kwao. Tangu siku hiyo tukaongeza sheria: ukitaja kasoro, weka kidole pale ilipo na useme wewe ungefanyaje. Dada aliambiwa amsogeze bibi mlangoni, kwenye kivuli, aelekee nje, halafu aguse uso wa bibi kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe pale pale.

Akaenda Handeni, akarudi na picha ya pili. Aisee! Kila mkunjo wa uso unaonekana, macho yana uhai, ngozi imetoka kama ilivyo. Watu wakapiga makofi. Fundi friji peke yake akanuna. Akaomba ile ya kwanza itolewe, akaziweka sambamba, akaweka kidole. "Bibi wa kwanza kashika jembe, mkono mmoja kiunoni, mwili mzima unacheka kama anataka kukufukuza. Huyu wa pili kakaa kama anasubiri kuitwa na daktari."

Unajua nini? Kasema kweli. Mimi ningetundika ile ya kwanza, na giza lake. Mzee hakubaliani hata kidogo, kwake uso usioonekana ni deni la mpiga picha, lazima lilipwe. Dada anasema bibi mwenyewe kachagua ya pili kwa sababu siku ile alivaa kitenge kipya. Ubishi huo una mwezi sasa na haujaisha, muuguzi anapendekeza dada arudi Handeni mara ya tatu, ampige bibi akiwa na jembe lake lakini saa 11 jioni. Nauli tunachangishana.

Jumapili hii ni zamu ya yule mwanachuo wa kivuli cha bibi. Nasikia analeta picha tatu za mama lishe wa Feri, na dada ameshatangaza kwamba yeye atakaa mbele kabisa. Nitakupa habari wiki ijayo.