Gofu: Fimbo bandia hufuatiliwa hadi ghalani, madini ya fimbo halisi hayafuatiliwi hadi mgodini

Mwanzoni mwa mwaka 2021, polisi wa Songjiang, katika jiji la Shanghai nchini China, walivamia maeneo 10 na kukamata karibu bidhaa 120,000 za mchezo wa gofu. Zilikuwa fimbo na vifaa vingine vya mchezo huo. Vyote vilibandikwa majina ya kampuni kubwa, na vyote vilikuwa bandia. Msako huo haukutokea kwa bahati. Nyuma ya polisi kulikuwa na kampuni zenyewe, ambazo tangu mwaka 2004 zina kikundi cha pamoja cha kupambana na waigaji.

Kwa msomaji wa Goma, Bukavu au Kindu, habari hiyo inaweza kuonekana ya mbali. Mashariki mwa Congo gofu ni mchezo wa watu wachache sana. Wengi wanalijua jina hilo kwa sababu ya gari la Volkswagen, au kwa sababu ya mtaa wa Golf mjini Lubumbashi. Lakini ndani ya fimbo nyingi halisi kuna chuma kimoja ambacho wachimbaji wa Maniema na Kivu wanakifahamu kwa mikono yao: tungsteni, inayotokana na wolframiti, lile jiwe jeusi na zito.

Hapo ndipo suala la fimbo bandia linapogusa watu wa huku. Kampuni zinazoweza kufuata fimbo ya kuiga hadi kwenye ghala la Shanghai ni zilezile ambazo, zikiulizwa madini ya fimbo zao halisi yametoka mgodi gani, hupata shida kujibu.

Tofauti iko ndani, si nje

Kwa macho, fimbo bandia nzuri ni vigumu kuitambua. Rangi ni ileile, herufi ni zilezile, hata sanduku na kifuniko vinafanana. Mnunuzi wa simu katika soko la Birere anaijua hali hiyo: kopi na orijinali hukaa meza moja, na muuzaji anaapa kwamba zote ni sawa.

Tofauti inaanza kwenye uzito na madini. Chukua draiva, fimbo kubwa ya kupiga mpira wa kwanza, ambayo wachezaji huilipia pesa nyingi kuliko nyingine. Kichwa chake hakiruhusiwi kuzidi ujazo wa sentimita za ujazo 460, kwa sheria za R&A ya Scotland na USGA ya Marekani, vyombo viwili vinavyosimamia kanuni za gofu duniani. Kichwa kikubwa namna hiyo, kikitengenezwa kwa chuma cha kawaida, kinakuwa kizito kupita kiasi, au kuta zake zinabaki nyembamba mno. Ndiyo maana kampuni nyingi hutumia titani, ambayo ina uzito wa gramu 4.4 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, wakati chuma kina karibu gramu 8.

Titani ikipunguza uzito, mhandisi anabaki na gramu kadhaa za kupanga anavyotaka. Kazi hiyo mara nyingi hufanywa na tungsteni. Sentimita moja ya ujazo ya tungsteni ina zaidi ya gramu 19, kuliko hata risasi yenye gramu 11. Kipande kidogo kikiwekwa nyuma au pembeni mwa kichwa, fimbo haipindi sana mkononi pale mchezaji anapokosa kupiga katikati. Katika fimbo ndogo za chuma pia, kampuni kadhaa huficha vipande vya tungsteni chini ya kichwa kwa sababu hiyohiyo.

Mwigaji hana sababu ya kulipia vitu hivyo. Yeye anauza sura. Mahali ambapo jicho halifiki, anaweza kuweka chuma cha bei rahisi, risasi, au asiweke kitu. Ndiyo sababu wachezaji wenye uzoefu hutembea na sumaku ndogo: titani haivutwi na sumaku, chuma cha kawaida kinavutwa. Sumaku ikinasa kwenye uso wa draiva iliyoandikwa kwamba ni ya titani, kuna udanganyifu. Isiponasa, bado si uthibitisho, kwa sababu hata aluminiamu haivutwi.

Namba ya utambulisho iliyochongwa kwenye shingo ya fimbo nayo haitoshi. Waigaji hukopi namba moja ya kweli na kuichonga kwenye fimbo nyingi. Kinachobaki ni bei na muuzaji. Draiva mpya ya kampuni kubwa huuzwa Marekani karibu dola 600. Inapotolewa kwenye intaneti, bado mpya, kwa chini ya nusu ya bei hiyo, na muuzaji hana idhini ya kampuni, mnunuzi anapaswa kuwa na wasiwasi.

Hasara si ya pesa tu. Fimbo isiyopimwa haina pembe sahihi, mpira hauendi inapotakiwa, na gundi mbaya inaweza kufanya kichwa kichomoke na kuruka wakati wa kupiga.

Orijinali nayo hutoka China

Kosa ambalo wanunuzi wengi hufanya ni kudhani kwamba kitu cha China ni bandia, na cha Ulaya au Marekani ni halisi. Katika gofu haiko hivyo. Vichwa vingi vya fimbo halisi hutengenezwa katika viwanda vya China, hasa mkoa wa Guangdong, na baadhi ya viwanda hivyo ni vya wafanyabiashara wa Taiwan waliofanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Halisi na bandia zinaweza kutoka maeneo yanayokaribiana na kupita bandari moja.

Kinachozitenganisha ni historia iliyoandikwa. Fimbo halisi ina mchoro wenye mwenyewe, kiwanda kilichopewa kazi kwa mkataba, vipimo, na duka linalowajibika. Ikivunjika, kuna mlango wa kugonga. Fimbo bandia haina hata kimoja. Ukimuuliza muuzaji imetoka wapi, jibu linaishia kwake.

Biashara ya bidhaa za namna hiyo ni kubwa sana. Shirika la OECD na ofisi ya Umoja wa Ulaya inayolinda hakimiliki za biashara, katika ripoti yao ya mwaka 2025, zilikadiria kwamba bidhaa bandia zilizovuka mipaka mwaka 2021 zilikuwa na thamani ya dola bilioni 467, sawa na asilimia 2.3 ya bidhaa zote zilizoingizwa katika nchi za dunia. Gofu ni tone dogo ndani ya bahari hiyo, lakini inaonyesha vizuri thamani ya jina la kampuni: ni ahadi kwamba kitu kinajulikana kilikotoka.

Swali ni ahadi hiyo inafika umbali gani.

Tungsteni na «sheria ya Obama»

Mwezi wa saba mwaka 2010, rais wa Marekani Barack Obama alitia saini sheria ya Dodd-Frank. Kipengele chake cha 1502 kinahusu moja kwa moja Congo na nchi jirani zake. Kampuni zinazotoa ripoti kwa SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa ya Marekani, zinatakiwa kueleza kama bidhaa zao zina bati, tantali, tungsteni au dhahabu, na kama madini hayo yametoka Congo au nchi zinazopakana nayo. Ripoti hutolewa kila mwaka, kufikia mwisho wa mwezi wa tano. Za kwanza zilitoka mwaka 2014.

Huku mashariki wengi waliiita «sheria ya Obama», na hawakuikumbuka kwa wema. Miezi miwili baada ya saini hiyo, rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, hadi mwezi wa tatu mwaka 2011. Wanunuzi wa nje walikimbia, na familia zilizoishi kwa beleshi na nyundo zilibaki bila mapato.

Kampuni za gofu zimo ndani ya sheria hiyo. Callaway, na Acushnet yenye jina la Titleist, zinauza hisa zao New York, na kwa hiyo hutoa ripoti za madini kwa SEC. Si zote zinazobanwa. PING ni mali ya familia, na TaylorMade ilinunuliwa mwaka 2021 na kampuni ya uwekezaji ya Korea Kusini. Sheria inagusa wale walio chini ya SEC, si kila fimbo yenye tungsteni.

Hata kwa wanaobanwa, jibu mara nyingi ni jepesi. Ofisi ya Bunge la Marekani inayokagua kazi za serikali, GAO, ilikadiria kwamba takriban theluthi mbili ya kampuni zote zilizotoa ripoti mwaka 2014 zilisema hazikuweza kujua kama madini yao yalitoka Congo au nchi jirani. Mwaka huohuo mahakama ilipunguza makali ya sheria hiyo, na mwaka 2017 SEC ikalegeza usimamizi wake. Mwezi wa kumi mwaka 2024, GAO ilisema wazi kwamba kanuni hiyo haikuboresha amani na usalama mashariki mwa Congo.

Kampuni zina hoja yao, na si ya uongo. Kati ya kiwanda cha fimbo na shimo la mgodi kuna wauzaji wengi, na kwenye tanuru madini ya nchi mbalimbali huchanganywa. Zaidi ya hayo, China peke yake huchimba takriban asilimia 80 ya tungsteni ya dunia. Sehemu ya Congo ni ndogo mno. Fimbo iliyo dukani inaweza kabisa kuwa haina hata chembe ya wolframiti ya Kailo.

Lakini kutojua ni tofauti na kutokuwepo. Kumtafuta mwigaji pia ni kazi ngumu, yenye maghala ya siri na majina ya uongo, na bado ghala lilipatikana. Tofauti ni kwamba mwigaji anakula faida ya kampuni. Madini yasiyojulikana hayamnyang'anyi mwenye kampuni kitu.

Etiketi nayo huigwa

Upande wa migodi, ulinzi ulitegemea etiketi. Mpango wa iTSCI, ulioanza miaka hiyohiyo ya sheria ya Obama, unaweka kwenye kila gunia etiketi yenye namba, ili mnunuzi wa mbali ajue limetoka mgodi uliokaguliwa. Ni wazo lilelile la namba kwenye shingo ya fimbo, na ugonjwa wake ni uleule. Mwaka 2022, shirika la Global Witness lilituhumu mpango huo kwamba etiketi zake zilitumika kusafisha madini ya magendo na ya maeneo yenye vita. iTSCI ilikanusha.

Baadaye mambo yalizidi. Baada ya M23 kuchukua Rubaya mwezi wa nne mwaka 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba angalau tani 150 za koltani zilipelekwa Rwanda kwa njia za udanganyifu na kuchanganywa na uzalishaji wa huko. Koltani si wolframiti, na haiendi kwenye fimbo za gofu. Lakini njia za magendo, magunia na karatasi hufanana. Madini yakishavuka na kuchanganywa, yanapata cheti kizuri, kama fimbo ya kuiga inavyopata namba ya kweli.

Na kama kwenye fimbo, hasara humwangukia mtu mwaminifu. Mchimbaji anayefanya kazi kwenye mgodi uliokubaliwa anashindana na gunia la magendo lisilolipa kodi wala gharama ya etiketi. Gharama hizo hushuka kutoka kwa msafirishaji hadi kwa mfanyabiashara wa kati, na mwisho hukatwa kwenye bei ya anayechimba.

Kinachosubiriwa

Mkataba uliotiwa saini Washington tarehe 27 mwezi wa sita mwaka 2025 kati ya Congo na Rwanda unazungumzia pia ushirikiano wa kiuchumi na minyororo ya madini iliyo wazi. Wakati huohuo, tangu mwezi wa pili wa mwaka huo China imeweka vizuizi vya kuuza tungsteni nje, na wanunuzi wa Magharibi wanatafuta kwingine. Macho yatageukia zaidi eneo la Maziwa Makuu, ikiwemo Maniema.

Hiyo ni nafasi kwa Congo kudai kitu ambacho kampuni hizi tayari zinajua kukifanya. Zinapotetea jina lao, hulipa wachunguzi, hufuata mzigo hatua kwa hatua, na hazikubali jibu la «hatujui imetoka wapi». Serikali ya Kinshasa na mashirika ya kiraia ya Kivu na Maniema wanaweza kuomba kipimo hichohicho kwa gunia la wolframiti: jina la mgodi, bei aliyolipwa mchimbaji, na mtu wa kuwajibika njia ikikatika.

Ripoti za kampuni kwa SEC hutoka kila mwaka kufikia mwisho wa mwezi wa tano, na mtu yeyote anaweza kuzisoma kwenye intaneti bila kulipa. Wanaojadili mikataba ya madini kwa jina la Congo wangeanza kwa kuzisoma.