Mpira Tumeutwaa, Nyimbo Je?

Kwetu pwani neno chuo halina makuu. Ni chumba cha mwalimu, mkeka, na watoto waliokaa safu wakisoma juzuu kwa sauti moja. Mwaka 1977 nilikuwa na umri wa miaka saba, nimekaa juu ya mkeka huo mjini Mombasa, wala sikujua kwamba huko Nairobi chuo cha namna nyingine kilikuwa kikifanya maajabu. Timu ya raga ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Mean Machine, iliundwa mwaka huo, na katika msimu wake wa kwanza kabisa ikalinyakua Kombe la Kenya.

Raga ililetwa na Wazungu, ikachezwa katika vilabu vyao. Nondescripts, kwa mfano, ni klabu ya tangu mwaka 1923. Kombe la Kenya lilianza kushindaniwa mwaka 1970, mwaka ule ule Chuo Kikuu cha Nairobi kilipokuwa chuo kikuu kamili. Miaka saba baadaye wanafunzi wa mabweni wakawapiku wakongwe. Hiyo si habari ya michezo peke yake, ni habari ya utamaduni pia. Kitu cha mgeni kilitiwa mkononi, kikawa chetu.

Naam, lakini nina dukuduku. Jumamosi moja mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, alinichukua kwenda kutazama mechi. Tulipanda matatu katikati ya jiji, tukaifuata Barabara ya Ngong, tukapita Adams, tukashuka karibu na uwanja. Timu zilizocheza sitazitaja, maana sikuja kumchongea mtu. Mchezo ulinipendeza: vijana wanakumbana mabega kwa mabega, wanaangushana, kisha wanainuka na kupeana mikono. Ndipo nyimbo zikaanza jukwaani. Lo! Matusi ya nguoni, tena mengi yao kwa Kiingereza, yale yale ambayo wacheza raga wa Uingereza wameyaimba miaka na mikaka. Mama mmoja aliyekuja kumtazama mwanawe alijivuta leso hadi masikioni. Mpwa wangu akaninong'oneza, "Mjomba, usisikilize, tazama mpira tu."

Nitazame mpira tu? La hasha! Mshairi hawezi kuyafunga masikio.

Utaniambia kwamba huo ni mzaha wa ujana. Kweli, na mzaha hatuukatai. Pwani tumeshindana kwa ngoma tangu zamani, na hatukuwa wapole. Wazee wetu walichukua tarumbeta na gwaride la Wazungu, wakalitwaa hata neno lenyewe, wakacheza beni. Mombasa ilikuwa na Kingi na Skochi, pande mbili zikichekana na kuchomana mchana kutwa. Lakini walichomana kwa Kiswahili, kwa mafumbo na vijembe. Anayepigwa kijembe hutafakari kwanza, kisha ndipo huumia. Tusi la nguoni halimtaabishi mtu kulifikiri, wala halimtaabishi mwenye kulitunga.

Tuangalie na Marekani. Mwaka 1874 wanafunzi wa Harvard walikutana na wenzao wa McGill kutoka Kanada, wakaionja raga, na kutokana na hiyo wakajitengenezea mpira wao wa Kimarekani. Lakini hawakukomea kwenye sheria za mchezo. Leo mechi ya vyuo kule haitimii bila beni, yaani wanafunzi wenye tarumbeta na ngoma wakipiga gwaride uwanjani. Wimbo wa Chuo Kikuu cha Michigan ulitungwa mwaka 1898 na mwanafunzi, Louis Elbel, baada ya timu yao kuishinda Chicago. Wachezaji wa siku ile wamekwisha kufa wote. Wimbo ungali unaimbwa.

Hapo ndipo penye maneno yangu. Timu ya chuo ni kama maji ya mto, kila mwaka huondokewa na watu wake. Kijana akishahitimu huenda kutafuta kazi, na akiwa hodari huchukuliwa na klabu nyingine. Kocha huanza upya na watoto waliotoka sekondari juzi. Ni kitu gani basi kitakachomuunganisha mchezaji wa 1977 na huyu wa leo? Ni jina, rangi ya jezi, na wimbo. Nao wimbo ukiwa ni uchafu wa kuazima, hao vijana wamerithishwa nini?

Vyuo vyetu vina walimu wa Kiswahili na wanafunzi wanaosoma ushairi. Hapana budi watoke darasani Jumamosi moja waende uwanjani na daftari. Mimi naanza kwa ubeti mmoja, na mwenye bora zaidi ajibu:

Enyi vijana wa chuo, mpira ukamateni,
Msivue lugha nguo, mama yupo uwanjani,
Ushindi una kituo, hauishi miguuni,
Kombe hupita mikono, wimbo hubaki kinywani.

Wahenga walinena, mwacha mila ni mtumwa. Vijana wa 1977 waliutwaa mpira. Wa leo wamebakishiwa kazi iliyo nyepesi zaidi, nayo ni kuutwaa wimbo.