Goti ni Lile Lile: Ilani ya Wasaidizi wa Fiziotherapia wa Majumbani

Sisi ni wasaidizi wa fiziotherapia tunaowatibu wagonjwa majumbani mwao nchini Marekani. Tumezaliwa Mombasa, Kigoma, Bukavu na Bujumbura. Leo makazi yetu ni Minneapolis, Louisville, Des Moines na Dallas. Tumesoma chuo miaka miwili, tumefaulu mtihani wa taifa, tuna leseni za majimbo yetu. Tunamsimamisha aliyevunjika nyonga. Tunamfundisha aliyepigwa kiharusi kupanda ngazi za nyumba yake. Tunalikunja goti jipya la chuma ambalo mwenyewe, kwa maumivu, anatusihi tuliache. Leo tunaanzisha harakati, na dai letu la kwanza ni hili: idadi ya mara tunazomtembelea mgonjwa iamuliwe na hali ya mgonjwa.

Dai hilo halikupaswa kuhitaji ilani. Medicare, bima ya wazee ambayo Rais Lyndon Johnson aliitia saini mwaka 1965, ilikuwa hadi mwisho wa 2019 ikizilipa kampuni za huduma za majumbani kwa vipindi vya siku 60, na malipo yalipanda kila ziara za tiba zilipovuka viwango fulani. Basi ziara zikaongezwa. Mwaka 2011 Kamati ya Fedha ya Seneti ilichapisha ripoti iliyoonyesha kampuni kubwa zikiwahimiza wafanyakazi wafikishe viwango hivyo. Tarehe 1 Januari 2020 utaratibu ukageuzwa: vipindi vya malipo vikawa vya siku 30, na idadi ya ziara za tiba ikaacha kuhesabiwa katika malipo. Tangu siku hiyo kila ziara ni gharama. Waliokuwa wakitusukuma twende zaidi wakaanza kutusukuma twende pungufu, na wenzetu wengi wakapoteza kazi.

Aliyefanyiwa upasuaji Desemba 2019 na aliyefanyiwa Januari 2020 walikuwa na goti lile lile, kovu lile lile, woga ule ule wa kukanyaga. Kilichobadilika ni hesabu za ofisini.

Hatutaki mfumo wa zamani urudi. Uliwachosha wagonjwa waliokwisha kupona na ukala fedha za umma. Tunachotaka ni kwamba mpango ulioandikwa na mfiziotherapia, baada ya kumpima mgonjwa kwa mikono yake, usikatwe na meneja ambaye hajawahi kuvuka kizingiti cha nyumba ile. Akiukata, aandike jina lake na sababu ya kitabibu ndani ya faili, na mgonjwa aonyeshwe. Tunacho kipimo, tena hakihitaji mashine: mzee anainuka kitini, anatembea mita 3, anageuka, anarudi na kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yumo katika hatari ya kuanguka. Nchini humu zaidi ya mzee mmoja kati ya wanne wenye miaka 65 na kuendelea huanguka kila mwaka. Mtu anayetumia sekunde 25, anayeishi peke yake, na ambaye choo chake kiko ghorofani, hajamaliza tiba hata kama karatasi inasema amemaliza.

Wapo watakaodhani tunataka vyeo vya watu. Hapana. Sheria haituruhusu kufanya tathmini ya kwanza wala kuubadili mpango wa tiba, na mipaka hiyo tunaikubali. Ndivyo kazi hii ilivyo tangu wahitimu wake wa kwanza mwaka 1969. Ila nyumbani msimamizi wetu yuko mbali. Huja mwanzo, kisha Medicare inamtaka arudi kumpima mgonjwa angalau kila siku 30. Hapo katikati tuko sisi. Ni sisi tunaokuta shavu la mguu limevimba na lina joto siku chache baada ya upasuaji, nasi tunajua huenda ni damu iliyoganda. Ni sisi tunaokuta mama aliyekuwa akitembea vizuri juzi leo hawezi kunyanyua kikombe kwa mkono wa kulia. Anayehitaji gari la wagonjwa tutamwitia wenyewe. Lakini yako mengi ya kushauriana, na simu inaita bila kupokewa kwa sababu mfiziotherapia naye analipwa kwa ziara na yuko kwa mgonjwa mwingine. Tunadai kila siku ya kazi awepo mfiziotherapia mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye zamu yake ni kupokea simu zetu, na alipwe kwa zamu hiyo.

Nasi tulipwe kwa kazi yote. Kanuni za kazi za shirikisho zinasema kwamba safari ya kutoka kituo kimoja cha kazi hadi kingine ndani ya siku ni muda wa kazi. Malipo ya ziara peke yake yanaificha safari hiyo, barabara ya theluji na yote, na yanazificha ripoti zinazoandikwa usiku juu ya meza ya jikoni.

Kuna jambo ambalo sisi wazungumzaji wa Kiswahili tuna wajibu wa pekee kulisema. Fomu inauliza kama mgonjwa anaweza kutembea futi 150. Bibi wa Kikongo aliyewasili hapa akiwa mkimbizi hazitaki futi hizo. Anataka kuketi mkekani na wajukuu na kuinuka bila kubebwa. Mzee wa Lamu anataka kusujudu. Kuinuka kutoka sakafuni ni lengo halali la tiba, lina misuli yake na mazoezi yake, na liandikwe kwenye mpango. Mkalimani naye aletwe: kanuni za shirikisho zinakataza kumtegemea mtoto atafsiri, isipokuwa kwa dharura, na bado tunakuta binti wa miaka kumi na mmoja akitafuta namna ya kumwambia nyanya yake habari za kibofu.

Kwa familia zetu tunasema kwa upendo: msimletee baba kila kitu kitandani. Tunajua mmelelewa hivyo, nasi pia. Lakini kila glasi ya maji anayoifuata mwenyewe, kwa fremu yake ya kutembelea na mmoja wenu akiwa pembeni, ni zoezi ambalo sisi hatuwezi kumfanyia mara mbili kwa wiki.

Anayejiunga nasi aanze Jumatatu. Aandike saa anayotoka kwa kila mgonjwa na saa anayofika kwa anayefuata. Aandike dakika za ripoti. Kila ziara itakayofutwa kinyume cha mpango, aandike nani kaifuta na mgonjwa alikuwa akitumia sekunde ngapi. Jina la mgonjwa lisiandikwe popote. Baada ya miezi mitatu tutakutana, kila mmoja na daftari lake, na daftari hizo ndizo tutakazozipeleka kwa waajiri, kwa bodi za leseni na kwa wabunge wa majimbo yetu.