Si Kila Unyonge wa Mwenye Kisukari Watokana na Sukari

Mwenye kisukari akilalamika kwamba misuli yamkaza, miguu haina nguvu na kiu haimwishi, aghalabu hupimwa sukari, akashauriwa juu ya chakula, kisha akarudi nyumbani. Shauri hilo laweza kuwa jema. Lakini yapo maradhi ambamo sukari ni nusu tu ya habari.

Mwaka 1966 Hillel Gitelman na wenzake, huko Marekani, walieleza ugonjwa wa kurithi unaozifanya figo zipoteze chumvi. Mwaka 1996 kasoro yenyewe ilipatikana: mlango mmoja wa chumvi katika mirija ya figo haufanyi kazi. Mwili hujitahidi kuiokoa chumvi ya kawaida kwa kuitoa potasiamu, na magnesiamu nayo hupotea. Potasiamu ikipungua, kongosho hutoa insulini kidogo. Magnesiamu ikipungua, mwili hauitii insulini hiyo. Ndiyo sababu kisukari huweza kuandamana na ugonjwa huu, na kwa kuwa kiu na kukojoa usiku ni dalili za yote mawili, kimoja hukificha kingine.

Ni ugonjwa adimu. Miongoni mwa watu wa asili ya Ulaya hukadiriwa mtu 1 katika 40,000. Basi kwa nini zahanati za Uluguru, zenye kazi tele ya malaria, zijishughulishe nao? Jibu limo katika kabati la dawa. Haidroklorothiazidi na jamaa zake, dawa za kukojoza wapewazo watu wengi wenye shinikizo la damu, hufunga mlango uleule. Jambo ambalo maumbile humfanyia mmoja katika maelfu, dawa huweza kuwafanyia wengi, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Na shinikizo la damu na kisukari ni marafiki wa siku nyingi.

Hatari yake si ndogo. Insulini huisukuma potasiamu kutoka katika damu iingie ndani ya chembe za mwili. Mgonjwa ambaye potasiamu yake imekwisha kushuka sana akidungwa insulini, moyo waweza kupoteza mapigo yake. Kwa hiyo aliyezidiwa na kisukari hupaswa kupimwa potasiamu, na ikiwa chini mno huongezwa kwanza.

Hapa ndipo mlima unapoingia. Damu iliyotolewa Nyandira ikateremshwa kwa pikipiki hadi Morogoro mjini hutikisika njia nzima. Chembe nyekundu, zilizojaa potasiamu, hupasuka na kuimwaga. Hata zikihifadhiwa katika barafu, huivujisha. Maabara huona kiwango cha kawaida kwa mtu mwenye upungufu, na cheti safi humrudisha mgonjwa alikotoka. Kipimo cha namna hiyo ni kibaya kuliko kukosa kipimo.

Dawa ya tatizo hili si mashine ya mamilioni. Kituo cha afya cha mlimani chahitaji mashine ndogo ya kuzungusha damu, ili majimaji yatenganishwe na chembe kabla ya safari. Pasipo mashine, heri mgonjwa ateremke mwenyewe kuliko chupa yake.

Wako wanaosema inatosha kumhimiza kila mnyonge ale ndizi za Kinole na maharage, vyakula vyenye potasiamu tele. Kwa mwenye figo zivujazo hazitoshi. Kwa mwenye figo zilizokwisha kuharibiwa na kisukari, ambazo huizuia potasiamu isitoke, shauri hilohilo laweza kumwua, naye pia hulalamika kwamba miguu haina nguvu.