Gari Halinywi Gesi



Gari la chama chetu, lile linalowaleta wagonjwa kutoka mashirika ya pembezoni hadi hospitali za hapa Kisangani, liliongezwa gesi ya kiyoyozi mara nne katika mwaka mmoja. Nilizihesabu risiti mimi mwenyewe, kwa kuwa nimekabidhiwa daftari la matumizi. Kila risiti ina neno lile lile, "gesi", na kiasi cha fedha. Hakuna hata moja inayoeleza gesi ya awali ilikwenda wapi.

Nilipomwuliza dereva alinijibu kwa upole, "Mwalimu, gari likizeeka linakunywa gesi." Nimelisikia neno hilo kwa watu wengi, wakiwamo watu wenye elimu, na ndilo lililonishikisha kalamu. Petroli huungua ndani ya injini, ikaisha. Gesi ya kiyoyozi haiungui. Imefungiwa ndani ya mabomba, nayo inazunguka humo siku zote. Kompresa huikandamiza, kondensa, ambayo hukaa mbele ya rejeta, huitoa joto mpaka inageuka kiowevu, kiowevu hicho kikipita katika valvu nyembamba hupanuka kwa ghafla, kikapoa sana, na kufyonza joto la abiria katika kile kisanduku kilichofichwa chini ya dashibodi. Kisha inarudi kwenye kompresa na safari inaanza upya. Ni kweli kwamba mipira ya mabomba hupitisha gesi kidogo kidogo, lakini hilo ni jambo la miaka. Ikiisha ndani ya miezi mitatu, pana tundu, na anayeongeza gesi bila kulitafuta tundu anajaza maji katika mtungi uliopasuka.

Katika kikao chetu ndugu mmoja alipendekeza tuukate mkanda wa kompresa, tufungue madirisha, tuyasahau mambo haya. Alikumbusha kwamba Papa Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, alitaja matumizi ya viyoyozi yanayozidi kukua kuwa mfano wa mazoea yenye madhara. Hoja yake naiheshimu, na kwa gari la mtu mmoja anayekwenda ofisini Makiso huenda ningeikubali. Lakini aliyekwisha kusafiri na mama aliyejifungua kwa upasuaji, katika barabara ya udongo ya Banalia, nyuma ya lori lenye shehena ya mbao, anajua dirisha lililo wazi huingiza nini. Tena sisi tunaishi karibu kabisa na Ikweta, ambako mvua haikosi mwezi. Mvua inapopiga na watu wanane wanapumua ndani ya gari lililofungwa, kioo cha mbele huwa cheupe kama maziwa, na kiyoyozi ndicho kinachoikausha hewa hiyo dereva apate kuona njia. Kwa hiyo nilishikilia kwamba kitengenezwe, ila kitengenezwe kweli.

Tulimpata fundi kijana, aliyejifunza kazi ya friji kabla ya kuingia katika magari. Hakuanza na chupa ya gesi. Aliomba tochi na kitambaa cheupe, akapitisha kitambaa katika kila kiungo cha mabomba. Akanieleza kwamba mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Mahali gesi inapotokea, mafuta nayo hutoka kidogo, na vumbi letu jekundu hunata hapo likafanya doa jeusi. Nikacheka kimoyomoyo: vumbi tunalolilaani miaka yote ndilo lililotuonyesha mahali. Palikuwa na doa moja kwenye kiungo cha kondensa na jingine dogo kwenye valvu ya kujazia, ile inayofanana na ya tairi, ambayo kifuniko chake kilikuwa kimepotea.

Doa ni dalili tu, na dalili huweza kudanganya. Kwa hiyo alijaza ndani ya mabomba azoti kavu kwa mgandamizo wa baa 10, akapaka povu la sabuni. Kwenye kiungo mapovu yalitoka kama mate ya mtoto. Kwenye valvu likatoka moja, likakua polepole, likapasuka. Wenye vifaa zaidi hutumia rangi inayong'aa chini ya taa ya urujuani, au kifaa kinachonusa gesi. Nacho hupitishwa upande wa chini wa kiungo, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na huteremka. Angekosa kuona kitu huku nje, ingebidi tuifungue dashibodi yote, kazi ya siku nzima. Tulibahatika.

Hapa naomba ruhusa ya kufundisha kidogo, maana ualimu hautoki mwilini. Mafundi wengi hufunga manometa, wanasoma mgandamizo wa gari lililozimwa, kisha wanasema "gesi imejaa" au "gesi ni nusu". Manometa haiwezi kusema hivyo. Maadamu ndani kuna kiowevu, hata kidogo, mgandamizo hufuata joto la siku na wala si wingi wa gesi. Kwa nyuzi 30, gesi ya R-134a, ambayo ndiyo iliyomo katika magari mengi yanayotufikia, huonyesha karibu baa 6.7, iwe imebaki gramu 200 au 600. Ni kama chupa ya gesi ya jikoni: ili kujua iliyobaki, huipima kwa mizani. Na katika gari pia dawa ni mizani. Kiasi kinachotakiwa huwa kimeandikwa chini ya boneti, kwa gramu.

Baada ya kubadilisha pete mbili za mpira, kiini cha valvu na kikaushio, kijana aliunganisha pampu ya kunyonya hewa akaiacha ifanye kazi kwa dakika 45. Wazee waliokuwa wakingoja waliguna. Waliona anapoteza muda. Lakini unyevu wa hewa ya Tshopo ukibaki ndani huganda katika valvu nyembamba na kuziba njia, au huchanganyika na gesi na mafuta ukazaa asidi inayokula kompresa. Alipoizima pampu alingoja tena kuona kama mshale wa manometa utarudi. Haukurudi. Hapo ndipo alipoichukua chupa na kuiweka juu ya mizani.

Sasa niseme lisilotupendeza. Tunawalaumu mafundi kwamba ni waongo, na wapo walio hivyo. Lakini sisi tumewafundisha. Fundi akitoza dola 40 za gesi tunalipa, kwa kuwa tumeiona chupa. Akitoza dola 20 za kutafuta tundu tunapiga kelele: "Unanitoza kwa kuangalia?" Mtu mwenye watoto wa kulisha hujifunza haraka. Atauza chupa, wala hatauza macho yake, na baada ya miezi mitatu tutarudi kumlalamikia, akatuuzia nyingine. Wakati huo kompresa inapoteza mafuta kila mara gesi inapotoka, mpaka siku inapokwama, na hapo hatuzungumzi tena juu ya dola 40. Tena katika kutafuta chupa ya bei rahisi tunajiletea hatari. Mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyotiwa gesi ya kughushi yalilipuka, na wafanyakazi wakapoteza maisha. Gesi ile ya uongo ilikuwa imeshambulia alumini ya mitambo.

Liko na jambo la hewa. Gesi ya zamani, R-12, ilikuwa ikiharibu tabaka la ozoni. Mataifa yalikubaliana mjini Montreal mwaka 1987 kuipunguza, na nchi zinazoendelea zilipewa hadi 2010 kuachana nayo. R-134a iliyochukua nafasi yake haiharibu ozoni, ila inashika joto: kilo yake moja hupasha dunia joto kama kilo 1,300 au zaidi za kaboni dioksidi. Kwa sababu hiyo, tarehe 15 Oktoba 2016, hapa kwa majirani zetu Kigali, yalikubaliwa mabadiliko ya kupunguza gesi za jamii hiyo. Gramu 600 tunazoziacha zitoke ni sawa na moshi wa lita zaidi ya 300 za petroli. Mtu ataniambia kwamba sisi tunaoishi kando ya msitu huu si watu wa kulaumiwa kwa joto la dunia. Ni kweli, wala sitaki tubebe mzigo wa matajiri. Lakini gesi ile ile iliyotoka bure tuliinunua kwa sadaka za wajane.

Nina pendekezo moja. Vyama na parokia zenye magari mjini zichangie kwa pamoja pampu ya kunyonya hewa, mizani, chupa ya azoti pamoja na kidhibiti chake na, ikiwezekana, mashine ya kukusanya gesi isiachiliwe hewani mfumo unapofunguliwa. Vifaa vikabidhiwe shule ya ufundi, vijana wajifunzie humo, nasi tulipie saa zao.

Tangu kazi ile ni miezi saba. Kijana alibandika chini ya boneti kikaratasi chenye tarehe na uzito wa gesi aliyoitia, na dereva ameacha kusema kwamba gari linakunywa. Ila ankara ya kijana ilikuwa na mistari miwili: vipuri pamoja na gesi, na saa tatu za kutafuta. Mstari wa kwanza kamati iliulipa siku ile ile. Wa pili bado umelala katika daftari langu, na nitausoma kwa sauti katika kikao cha Jumapili.